Mama hakuvunjika, ila sasa anaogopa kutembea. Mazoezi gani yanamfaa?

Mtoto_wa_Veyula:
Wakuu, mbukwenyi. Mama ana miaka 76, tuko naye Veyula, Dodoma. Januari aliteleza uani usiku akienda chooni, matope ya mvua. Picha ikaonyesha hajavunjika. Tukashukuru, tukamkalisha. Asichote maji, asifagie, asipike. Hata mlenda anapikiwa, na kila siku anausema vibaya. Sasa ni mwezi wa tatu na hali imekuwa mbaya kuliko siku ile alipoanguka. Akiinuka anashika ukuta, akigeuka anayumba, kanisani haendi tena. Hospitali walituambia "afanye mazoezi", basi, akaitwa mwingine. Mazoezi yapi? Dada anataka awe anatembea hadi barabarani na kurudi. Mimi naogopa.

Fizio_Mstaafu:
Mmemkalisha, ndiyo shida yenyewe. Mapaja ya mzee yakikosa kazi yanaisha upesi.

Dada yako hajakosea sana, kutembea kunafaa moyo, lakini hakumfundishi mtu kujizuia anapoyumba. Chukua kiti kigumu cha mbao, si sofa, kiegemeze ukutani. Mama akunje mikono kifuani, ainuke wima, akae taratibu. Hesabu mara ngapi kwa sekunde 30. Kwa mwanamke wa umri wake, chini ya 10 maana yake miguu imepungua nguvu. Akishindwa kabisa ajisukume kwa mikono, aanzie hapo.

Halafu ashike meza nzito, anyanyue visigino mara 10. Kisha asimame mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, sekunde 10, wewe ukiwa karibu wa kumdaka. Akizoea apunguze kushika: mikono miwili, mmoja, kidole. Zoezi lisilomtikisa hata kidogo halimsaidii. Siku 3 kwa wiki, nusu saa, hata akiigawa vipande. New Zealand wana programu ya hivi ya kufanyia nyumbani, inaitwa Otago, ipo tangu miaka ya 1990.

Swali: anameza dawa za presha? Akiinuka usiku anapata kizunguzungu? Kama ndiyo, daktari azipitie dawa, na kabla ya kusimama akae kwanza kitandani dakika moja.

MamaZabibu:
Baba yangu ukimtajia mazoezi anakuuliza kama umemwandikisha jeshini. Nikaweka kopo la mtama wa kuku kwenye rafu ya juu. Kila asubuhi anapanda juu ya vidole, analifikia, anakwenda bandani, anarudi kulipandisha. Hajui kama anafanya mazoezi, na naomba asisome hapa. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, kwa hiyo fundi wa kuchomelea alituwekea bomba ukutani la kushika.

Mtoto_wa_Veyula:
Kwenye kiti ameinuka mara 6. Ya saba alijirusha nikaikataa, akaniuliza nimekuwa mwalimu tangu lini. Presha anayo, na kizunguzungu cha usiku anacho, hakuwahi kutuambia. Keshokutwa namrudisha kliniki na vidonge vyake vyote kwenye mfuko. Ndala zilizolika nimezitupa. Yeye kaomba kitu kimoja tu, arudishiwe ufagio wake. Nimempa.

Fizio_Mstaafu:
Mpe wa mpini mrefu lakini. Wa chelewa utamwinamisha, na kwa mwenye kizunguzungu kuinama vile si vizuri.