Bili ya maji nyumba ya kupanga imetushinda, tunabanaje? (Mtwara mjini)

mpangaji_chikongola
Habari zenu wadau. Niko Chikongola hapa Mtwara mjini, nyumba ya kupanga vyumba sita, mita moja, bili tunagawana kwa vichwa na mtoto anahesabiwa nusu. Zamani hatukuwa na shida ila miezi ya karibuni bili imepanda utadhani tumefungua kiwanda cha barafu na watu hawajaongezeka. Sasa kila mtu anamnyooshea kidole mwenzie, mama wa chumba cha mbele anauza samaki wa kukaanga anaambiwa anaosha samaki bomba likiwa wazi, mimi nina mtoto mchanga naambiwa nepi, kijana wa bodaboda naye anasemwa kwa kuosha pikipiki. Imefika mahali koki ya nje imetiwa kufuli. Naombeni njia za kweli za kupunguza matumizi, sio zile za "usipige mswaki bomba likimwagika" maana hapa wote tunaoga kwa ndoo na mswaki tunapigia kwenye kikombe tangu tuzaliwe.

FundiKoki
Kabla hamjatoana macho kwa samaki na nepi, pimeni mita kwanza. Usiku watu wakishalala funga koki zote, hakuna wa kuchota wala kuflashi, nenda kwenye mita piga picha namba zote, na zile nyekundu pia. Kuna kigurudumu kidogo pale kinazunguka hata maji yakipita kidogo sana, kiangalie. Alfajiri kabla mtu hajagusa maji piga picha tena. Namba zikiwa zimesogea ujue maji yanaenda mahali na hayaendi kwa binadamu. Yuniti moja ni lita 1000, yani ndoo 50 za lita 20, sasa huyo mama samaki atakaanga bahari nzima?

Mtuhumiwa wa kwanza huwa ni choo cha kuflashi. Kinavuja kimyakimya, maji yanateleza nyuma ya bakuli huoni wala husikii, mchana na usiku. Chukua juisi ya unga ya pakiti, ile yenye rangi kali, mimina kwenye tanki la choo halafu msiflashi kama nusu saa. Ukiona rangi kwenye bakuli, mpira wa chini umechoka haubani. Ila kama maji yako juu yanamwagikia kwenye lile bomba la katikati, rangi itashuka pia, na hapo boya ndio halifungi. Mpira ni kitu cha bei ndogo duka la vifaa, ila nenda nao wa zamani mkononi maana saizi zinatofautiana na muuzaji atakwambia "huu unaingia tu".

Mama_wa_Newala
Nyie wa mjini mna bomba uani bado mnagombana 😂 Mimi ni mzaliwa wa Newala, kule juu mto hakuna, ardhi ni mchanga, mvua ikinyesha maji yanazama chini kabisa. Bibi zetu walikuwa wanateremka bondeni na kupanda na mtungi kichwani. Mradi wa Makonde upo toka enzi za mkoloni, maji yanasukumwa kwa pampu toka Mitema huko bondeni yanapandishwa juu, lakini mpaka leo nyumba ya mtu aliyejipanga utaijua kwa kisima cha saruji uani, kimechimbwa chini, gata zote za bati zinaingia humo. Watu wakishauza korosho kitu cha kwanza ni bati na kisima.

Kwa hiyo dada (au kaka sijui) kingeni ya bati. Mvua yetu kusini ni msimu mmoja tu, Desemba kwenda Aprili hivi, ikipita imepita. Hesabu ni rahisi, milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Bati la mita 6 kwa 8 ni mraba 48, mvua ya milimita 20 inakupa kama lita 960, toa zinazoruka na kumwagika hukosi 750. Hiyo ni mvua moja!! Ila zile za mwanzo acheni zimwagike zisafishe bati, sisi huku mikorosho ikishapuliziwa salfa ule unga unatua mpaka juu ya nyumba, weka na kinyesi cha popo na kunguru. Mdomo wa tanki fungeni kitambaa au wavu laini, mkiacha wazi mnafuga mbu. Ya kunywa chemsheni.

Na ndani maji yawe na foleni. Ya kuoshea mchele yanaloweka sufuria, ya kusuuzia nguo mara ya mwisho yanafulia matambara na kudekia, yakitoka hapo yanaenda chooni. Mgomba na mpapai vinavumilia maji ya sabuni kidogo, mchicha usiumwagie hayo.

kijana_mikindani
Kama jirani kuna kisima cha maji ya chumvi ombeni. Sisi huku Mikindani bomba ni la kunywa na kupika tu, choo na kudeki ni kisima. Ila mwambie huyo wa boda asioshee pikipiki chumvi, kutu itamtafuna mpaka rimu.

mpangaji_chikongola
Asanteni sana. Tumepima, mita imesogea usiku watu wote tumelala, na choo cha uani juisi imeshuka yote. Mama samaki katusema sisi wote mpaka tumeinama 😅 Shida sasa mwenye nyumba anasema wanaotumia choo ni sisi, tutengeneze wenyewe. Gata amekubali tuweke ila simtanki tununue sisi. Hii imekaaje?

mzee_wa_Ligula
Mwanangu, mpira wa choo nunueni msisubiri maana kila siku mnayobishana mita inazunguka, risiti itunzeni mumuombe akate kwenye kodi, wengi huwa wanakubali ukimwendea kwa adabu na zile picha za mita mkononi. Simtanki ni lenu, lakini mwandikieni meseji ajibu kwa mkono wake kwamba mkihama mnaondoka nalo. Maneno ya mdomo mbele ya tanki la lita 1000 huwa yanasahaulika.

FundiKoki
Mzee kamaliza. Nyongeza, mkishabadilisha mpira tieni chupa ya lita moja na nusu iliyojaa maji ndani ya tanki la choo, kila mkiflashi mnabakiza mpaka hiyo lita moja na nusu. Isimamisheni mbali na boya. Tofali msitie, linamomonyoka na ule mchanga utakaa chini ya mpira mpya mnirudie hapa tena.