Mrejesho: Fremu ya paneli inayofuata jua

Ndugu zangu, miezi mitatu iliyopita niliuliza kwa nini fremu yangu, niliyoiunda hapa Dodoma ili paneli ya umeme wa jua yenye seli 36 niliyoiunganisha mwenyewe ifuate jua, ilikuwa ikiyumba huku na huku na kumaliza betri kila mawingu yalipotanda. Nashukuru kwa dhati, kwa sababu mlinionyesha kwamba vihisi viwili vya mwanga vilivyoiongoza mota, vilivyotenganishwa na kibao chembamba, hupoteza mwelekeo mwanga unapotawanyika angani.

Nimeviondoa, na sasa mota hufuata saa. Kwa kuwa jua husogea nyuzi 15 kwa saa, mota huisukuma paneli nyuzi 5 kila baada ya dakika 20, kisha hukatiwa umeme kabisa. Mhimili umelala kaskazini-kusini juu ya beringi mbili za baiskeli. Kosa langu kubwa lilikuwa kudhani kwamba jua la hapa hufika utosini saa sita kamili, ilhali hufika karibu saa sita na nusu, nami nilihangaika wiki nzima na kivuli cha msumari wa kupimia jua kilichokataa kunyooka.

Saa tatu asubuhi, paneli iliyokuwa ikitoa ampea 2.1 ilipokuwa imelazwa sasa hutoa 3.6, mchana hakuna tofauti. Kilichobaki ni upepo, ambao bado huitikisa fremu, na nakusudia kuongeza mguu wa chuma upande wa mashariki.