Bistro ya "hygge" Copenhagen: tumeuziwa maji ya bomba, kisha mama akazimiwa mshumaa

Wakuu, salaam. Nina hasira ya siku tatu, mtanivumilia.

Jumamosi nilimtoa mama chakula cha jioni. Alikuwa kwetu hapa Copenhagen tangu mwezi wa 9, Jumatatu anarudi Tanga, na shemeji yenu akasema haiwezekani mama aondoke bila kula walau mara moja chakula cha wenyeji nje ya nyumba. Tukachagua bistro moja, yaani kigahawa kidogo, kitongoji cha Nørrebro, mtaa wa nyuma, meza hazizidi kumi. Jina silitaji, sitaki kesi. Kila tukipita pale dirishani tunaona mishumaa, ngozi za kondoo zimetandikwa kwenye viti, watu wamebanana wanacheka. Mwezi huu wa 11 saa kumi jioni giza limeshaingia na mvua inapiga ubavuni, basi mahali kama pale pakikuita huna ujanja.

Na kabla hamjanirukia, sijaja kulalamikia udogo wa chakula. Huu ni mwaka wangu wa sita hapa, najua sahani kubwa na kitu katikati kama kitufe. Upishi huu una historia yake: mwaka 2004 wapishi wa nchi hizi za kaskazini mwa Ulaya waliandika ilani ya mambo 10, chakula kiwe cha msimu, kitoke karibu, kiwe rahisi na safi. Tangu hapo kila kona ina kijibistro kinachochachusha kabichi. Ile ilani nimeisoma. Mstari wa kumuuzia mgeni maji ya bomba sijauona.

Tulipewa meza ya saa kumi na moja na nusu. Tulifika dakika tano kabla. Kijana wa kuhudumia akaja, mchangamfu kwelikweli, akachuchumaa pembeni ya meza ili atuelezee menyu. Mama akainama kutazama chini, akadhani kadondosha kitu. Akatuambia "hapa ni hygge, jisikieni nyumbani". Kwa wasiolijua, hygge ni neno la Kidenish la ule utulivu wa kukaa na watu wako bila haraka, joto ndani, baridi nje. Lishikeni hilo neno, nitalirudia.

Akauliza maji ya kawaida au ya gesi. Nikasema ya kawaida. Akaleta chupa ya kioo, nzuri, ina jani la mnanaa ndani. Bei hakuitaja, na kwenye menyu niliyoshika mimi haikuwepo. Ikaja na sahani ya mkate na siagi iliyopigwapigwa ikawa kama povu. Hatukuagiza. Nikadhani ni makaribisho.

Halafu kimya. Sahani ya kwanza ilitua mezani saa kumi na mbili na dakika kumi. Dakika arobaini, wakuu, watu watatu tunatazamana na mshumaa. Mama alikula karibu mkate wote, na sikumlaumu.

Chakula chenyewe nitasema haki. Mzizi wa selari uliochomwa, vipande vitatu, na siagi iliyokaangwa mpaka ikawa kahawia inanukia njugu: mzuri. Bitiruti na jibini la moshi: mama alionja akaniachia. Samaki, torsk (samaki mweupe wa bahari za baridi) wa mchuzi wa kome, hapo mama alinyamaza, akaufuta mchuzi kwa ganda la mwisho la mkate, akasema, "Huyu kapikwa na mtu anayejua samaki." Mama yangu kauza chakula Ngamiani, kule Tanga, miaka mingi, hatoi sifa kwa adabu tu.

Samaki alifika saa moja na dakika tano. Kumbukeni huo muda.

Saa moja na robo kijana karudi, safari hii hakuchuchumaa. Anasema meza yetu inaisha saa moja na nusu, wapo wageni wengine. Nikamwambia bado kitinda mlo na kahawa. Kitinda mlo kinakuja, anasema, ila kahawa haitawezekana, tunaweza kunywa baa ya jirani. Kikaja: barafu ya havtorn, vitunda vidogo vya rangi ya machungwa, vichachu kuliko ukwaju. Mama anakula taratibu, meno yake hayapatani na baridi. Yule kijana akapita, akaondoa chupa ya maji. Akapita tena, akaondoa glasi yangu. Mara ya tatu akaweka mkono nyuma ya mshumaa wetu akaupuliza. Puu. Mama kijiko kiko mdomoni. Moshi wa utambi ukamwendea usoni, na mpaka leo nikifikiria ile barafu nasikia harufu ya nta.

Hakusema kitu kibaya. Alitabasamu hata.

Ndipo ikaja bili. Menyu ya sahani nne krone 425 kwa kichwa, 1,275. Hiyo tuliijua. Juisi mbili za rabarbar (mmea wa mashina machachu) 130, sawa. Mkate ambao hatukuagiza, 65. Maji, krone 35 kwa kila mtu, jumla 105, na shemeji yenu hakunywa hata tone, ndiyo maana juisi zilikuwa zake zote mbili. Jumla 1,575, karibu laki sita za madafu. Halafu kimashine cha kadi kikaniuliza nataka kuongeza bakshishi asilimia 10, 15 au 20! Hapa Denmark bei ya menyu inatakiwa kuwa na kodi ya asilimia 25 na huduma humo humo. Bakshishi ya nini, ya kuzimiwa mshumaa?

Mama akaniuliza ile karatasi inasemaje. Nikamtafsiria. Nilipofika kwenye maji akanishika mkono. "Maji ya bomba? Haya haya ya jikoni kwako?" Ndiyo mama. Akaguna. Pale Ngamiani jagi la maji lilitangulia mezani hata kabla mteja hajasema anakula nini, na aliyekuja kuomba maji tu akaenda zake naye alikunywa.

Tukavaa makoti tumesimama kwenye korido, maana wale wa saa moja na nusu walishaingia wanangojea viti vyetu vikiwa bado na joto. Mlangoni kuna ile ripoti ya serikali yenye uso unaotabasamu, inayobandikwa kila mgahawa tangu 2001. Ule ni wa usafi wa jikoni, wakuu. Wa ukarimu haukaguliwi na mtu.

NYONGEZA: Naona wengi mnasema kikomo cha kukaa masaa mawili kiliandikwa kwenye barua pepe ya kuhifadhi meza. Kweli, nimekikuta, chini kabisa, maandishi ya kijivu. Nakubali. Sasa nijibuni: dakika arobaini za kwanza jiko lilipochelewa, ni za nani? Saa yao ilianza kuhesabu tulipokaa, sio walipotulisha. Wamechelewa wao, kahawa nimekosa mimi.

Na wewe uliyeandika "ndio Ulaya hiyo, zoea": mwezi wa 8 tulivuka daraja kwenda Malmö, Sweden, kama dakika arobaini tu kwa treni, tukakaa kwenye kigahawa cha ukubwa ule ule. Jagi la maji lilikuja bure na likajazwa mara mbili. Kwa hiyo usiniambie Ulaya.

NYONGEZA 2: Nimewaandikia. Wamejibu leo asubuhi kwa heshima zote, wanasikitika kwamba "hatukupata hygge tuliyotarajia", na maji wanatoza kwa sababu kuna kazi ya kuosha chupa na glasi. Sawa, lakini kazi ya kuosha chupa inaandikwa bei kwenye menyu kabla sijainywa. Mkate hawakuugusia kabisa.

Mama kashafika Tanga, jana usiku kapiga simu. Majirani wamemuuliza Wadenish wanakula nini. Kawaambia samaki mzuri, gizani.

Kama kuna mtu yuko hapa Denmark aliwahi kudai akarudishiwa hela ya kitu ambacho hakukiagiza, aniambie alianzia wapi. Bili ninayo, picha ya menyu ninayo. Krone 170 tu nazitaka, 105 za maji na 65 za mkate. Samaki wao nimelipa kwa moyo mmoja.