Nembo ya wataalamu wa afya kando ya nembo ya kampuni: kamati iidhinishe au ikatae?

Mleta Mada: Wakuu, heshima zenu. Kampuni ya vinywaji inataka kutoa vijitabu vya elimu ya sukari na uzito kwa kushirikiana na chama cha wataalamu wa afya. Kampuni inalipia uchapaji, nembo mbili zinakaa jalada moja. Naona kamati ikubali, mradi wataalamu wapitie maandishi. Elimu bila hela haifiki kwa watu.

Jicho Kavu: Fisi kaomba zamu ya kulinda zizi, nawe unauliza analipa shilingi ngapi. Marekani walishapita huko. Mwaka 2009 chama cha madaktari wa familia kilipokea hela za Coca-Cola kuandaa makala za afya kwa ajili ya umma, wanachama wengine wakarudisha kadi. 2015 ushirika ukaisha. Halafu madaktari humu msijitie utakatifu, hata kalamu mnazoandikia dawa zina majina ya kampuni.

Dk. Zamu ya Usiku: Kalamu? Yangu nimenunua kwa hela yangu, mkuu. Unafikiri mtu amesoma miaka yote ile aje anunuliwe kwa kalamu ya plastiki?

Jicho Kavu: Sijataja jina la mtu. Aliyeguswa kajitambulisha mwenyewe 😂

Dk. Zamu ya Usiku: Matusi hayo, siyo hoja.

Mama Takwimu: Dokta, punguza jazba. Kuna utafiti wa 2016, Marekani hukohuko: madaktari waliopokea hata mlo mmoja kutoka kampuni ya dawa, wastani wake haufiki dola 20, waliandika dawa za kampuni hiyo zaidi ya wenzao. Na kama kalamu hazina nguvu, mbona kampuni zenyewe kwenye mwongozo wao zilikubaliana kuacha kuzigawa kuanzia 2009?

Dk. Zamu ya Usiku: Utafiti huo umeonyesha mambo mawili yanakwenda pamoja, haukuthibitisha kwamba moja limeleta lingine. Labda aliyekwishaipenda dawa ndiye anayekubali mwaliko. Hilo wewe wa takwimu ulipaswa kulisema kabla yangu.

Mama Takwimu: Nalijua. Ila kampuni haimwagi hela mwaka hadi mwaka kwa ajili ya urafiki.

Bin Hoja: Mmeganda kwenye kalamu wakati pana kisa chenyewe. Kile chama kikubwa cha madaktari wa Marekani kiliwahi kuingia mkataba na watengeneza mashine za kupimia presha nyumbani, sijui Sun nini, kikaishia mahakamani.

Mama Takwimu: Sunbeam, 1997. Nembo ya chama hicho, AMA, iwekwe kwenye bidhaa, pamoja na maelezo ya afya ndani ya boksi, na chama hakikupima hata bidhaa moja. Wanachama wakawaka, chama kikajitoa, kampuni ikashtaki. 1998 AMA ikalipa dola milioni 9.9. Kwa hiyo, Mleta Mada, usiulize tu kuingia. Uliza na kutoka kutagharimu nini.

Mleta Mada: Hizo ni bidhaa. Mimi nimesema vijitabu.

Jicho Kavu: Nani anatenganisha? 2015 chama cha wataalamu wa lishe Marekani kiliruhusu nembo yake ya Kids Eat Right kwenye jibini la Kraft. Kikaapa kwamba hakijaidhinisha chochote. Wanachama wake wenyewe hawakukubali, mpango ukavunjwa. Msomaji anaona nembo, hasomi maandishi madogo chini yake.

Bin Hoja: Swali langu ni nani mwenye neno la mwisho. Wataalamu wakiandika "punguzeni vinywaji vyenye sukari" na kampuni ikataka iwe "fanyeni mazoezi zaidi", nani anafuta?

Mleta Mada: Mkataba unasema watakubaliana.

Bin Hoja: Na wasipokubaliana?

Mleta Mada: Hapo hapajaandikwa. Lakini mazoezi nayo ni afya, au mnabisha?

Dk. Zamu ya Usiku: Ni afya. Ila soda hiyo inayolipia kijitabu ndiyo ninayomkataza mgonjwa wa kisukari, na atanionyesha nembo yetu jaladani. Nitamjibu nini? Na Jicho Kavu, bado nasubiri ufute ile ya kalamu.

Jicho Kavu: Piga picha ya mfuko wa koti lako uitume hapa, nitafuta.