Soksi ya Goti ya Shangazi

*Kikundi cha Ukoo – Arua*

Shangazi: Asalaam aleikum wanangu. Nimenunua soksi ya goti yenye sumaku, 80,000. Muuzaji anasema damu ina chuma, sumaku inaivuta, maumivu yanatoka. Goti tayari lina nafuu.

Mama Farida: Waaleikum salaam wifi. Bado anazo? Kiuno kinaniua.

Ramadhani: Shangazi, pole na goti. Ila huyo kakudanganya. Chuma cha kwenye damu kimo ndani ya hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni, hakivutwi kama msumari. Mashine ya MRI, ile ya hospitali inayopiga picha ndani ya mwili, ina sumaku ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), hivyo vidude havifui dafu, na mtu anaingia mzima mzima anatoka salama. Damu ingekuwa inavutwa, nani angetoka mle?

Hamza: 😂😂

Shangazi: Umesoma mwanangu, lakini goti ni langu.

Ramadhani: Nafuu sikatai. Soksi inabana na kutia joto, hilo linasaidia. Tena maumivu ya viungo hupanda na kushuka, na mtu hukimbilia dawa yakiwa yamepanda. Yakishuka yenyewe, sifa anapewa muuzaji. Kule York, Uingereza, utafiti uliotoka 2013 uliwavisha wagonjwa 70 wa baridi yabisi bangili za sumaku na za shaba. Hazikuzishinda zile za bandia.

Hamza: Nimechomoa sumaku moja. Inashika pini vizuri. Nimeweka kitenge katikati, nimekikunja mara kadhaa, pini imeanguka. Na goti la shangazi lina nyama kuliko kitenge 🙈

Shangazi: HAMZA! Nani kakutuma kuchokonoa vitu vyangu?

Mama Farida: Kama wifi haitaki, apewe Babu, naye magoti yanamsumbua.

Ramadhani: Hapana!! Babu ana betri ya moyo kifuani, ile inayoongoza mapigo. Sumaku ikiikaribia inaweza kuivuruga. Hata mfukoni mwa kanzu asiiweke. Hamza, kama umeipeleka chumbani kwake, itoe sasa hivi.

Hamza: Nimeshaitoa.

Ramadhani: Shangazi, kaa kitini, nyoosha mguu, ushikilie kidogo, ushushe. Kila siku. Msuli wa paja ukipata nguvu, goti linapumzika. Ukitaka soksi, chukua ya kawaida.

Shangazi: Haya. Kesho namrudishia, anipe hela zangu.

Hamza: Nimepita pale jioni. Meza haipo, wanasema kapanda basi la Kampala.

Mama Farida: Wifi, niuzie mimi kwa 20,000. Hamza atoe sumaku zote, nitaishonea mpira niivae kiunoni.

Shangazi: 50,000.