Shule ndogo ya kanisa, ya serikali, au kubwa ya binafsi? Mtoto anaanza la kwanza Januari, Dar

Mama_Segerea
Wadau, mezani kuna tatu. Ya kanisa jirani: mchepuo wa Kiingereza, watoto 18 darasani, ada 1,200,000 kwa mwaka. Ya serikali: dakika kumi kwa miguu. Ya binafsi kubwa: ina basi, ada zaidi ya mara mbili ya ile ya kanisa. Majengo na sare nimeshaviona. Ninachotaka ni namna ya kupima ufundishaji kabla sijalipa.

ChakiNyeupe
Anza na usajili wa hiyo ya kanisa. Omba kuona cheti, usome kimeandikwa ngazi gani. Kuna vituo vilivyosajiliwa kwa darasa la awali tu, vikaongeza la kwanza, la pili, la tatu, vikitegemea "kubebwa" na shule nyingine mtihani ukifika. Tatizo huibuka darasa la nne, mtoto anapotakiwa kuwa na namba ya PREM, yaani namba ya utambulisho wa mwanafunzi kwenye mfumo wa NECTA (Baraza la Mitihani). Namba hiyo hutolewa kupitia shule iliyosajiliwa. Na ukitaka kumhamisha, uhamisho nao unapita kwenye mfumo huohuo, kwa hiyo asiye na namba anakwama pande zote mbili. Muulize mwalimu mkuu namba ya kituo cha mtihani. Mwenye nayo huitaja papo hapo.

Hesabu_Tabata
Matokeo yapo kwenye tovuti ya NECTA, shule kwa shule, ila kwa shule ndogo wastani unadanganya sana. Mtihani wa la saba una masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300, na daraja A linaanzia 241. Chukua shule yenye watahiniwa 14. Mmoja aliyetarajiwa kupata 250 akaugua akaambulia 110: wastani wa shule nzima unashuka alama 10. Kwenye watahiniwa 140, anguko hilohilo linashusha alama 1 tu. Ndiyo maana shule ndogo mwaka huu iko juu, mwaka ujao haionekani, na walimu ni walewale. Angalia miaka mitatu mfululizo, usiangalie bango lililotundikwa getini.

Halafu fanya hivi, wazazi wengi hawafanyi: tafuta idadi waliofanya upimaji wa la nne 2022, ulinganishe na waliofanya la saba 2025. Ni kundi lilelile. Kama la nne walikuwa 22 na la saba wako 13, uliza wale 9 wako wapi. Baadhi ya wazazi huhama mji, sawa. Lakini zipo shule zinazokaririsha au "kushauri uhamisho" kwa wazito ili wastani upendeze. A za watoto waliochujwa hazikwambii lolote kuhusu mwalimu.

Mama_Segerea
Hilo la 22 na 13 sikulifikiria kabisa. Na hao 18 darasani, si ni faida?

Mwl_Mstaafu_Temeke
Ni faida kama mwalimu yupo, dada. Shule ndogo mwalimu mmoja hubeba masomo matatu, pengine Hisabati ya la tatu hadi la saba yote ni yake. Serikali ikitangaza ajira za walimu akapata, anaondoka katikati ya muhula, na shule haina wa kuziba pengo. Kwa hiyo usiulize "mna walimu wangapi". Uliza wa Hisabati na wa Kiingereza wana miaka mingapi hapo, na kama wanachangiwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mishahara ikitegemea ada ya watoto mia na kidogo, wazazi wakichelewa kulipa mwalimu naye anachelewa kulipwa, na mwenye kudai hafundishi kwa moyo.

Kisha omba madaftari ya la tatu, usichaguliwe la mtoto bora. Hesabu mazoezi ya Hisabati kwa wiki moja. Tazama tarehe. Tazama kama kosa limesahihishwa au limepigwa tiki na kuandikwa "vema". Ukikuta tiki kwenye jibu la uongo mara mbili, hamna haja ya kuendelea na mahojiano.

Baba_Chanika
Msiidharau ya serikali. Haina ada, walimu ni wa kuajiriwa wenye vyeti, na mtoto anajifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa lugha anayoielewa. Kasoro ni msongamano: kiwango ni watoto 45 kwa darasa, lakini pembezoni mwa jiji kukuta zaidi ya 100 si ajabu, pengine na zamu mbili. Ingia la kwanza saa nne, hesabu vichwa.

Mchepuo nao una mtego. Mpe mtoto wa la tatu aya moja ya Kiingereza aisome, kisha akueleze kwa Kiswahili imesema nini. Wengi husoma kama redio na maana hawana.

Hesabu_Tabata
Nyongeza: mtaala mpya umeanza kutumika 2024, na msingi unakuwa miaka sita. Wako atamalizia la sita. Shule ikikuonyesha mpango wa miaka saba au vitabu vya mtaala wa zamani, hawajajipanga.

Mama_Segerea
Swali la mwisho: sisi si wa dhehebu lao.

ChakiNyeupe
Dar shule nyingi za makanisa zina watoto wa Kiislamu na wa madhehebu mengine. Waombe ratiba, uone ibada inachukua vipindi vingapi kwa wiki na asiyehudhuria anakaa wapi, na nani.

Na piga hesabu kamili. Siku za masomo ni 194. Chakula kikiwa 2,000 kwa siku ni 388,000. Basi la 60,000 kwa miezi kumi ni 600,000. Ile ada ya 1,200,000 inakuwa 2,188,000 kabla ya sare na tuisheni. Ya jirani unamtembeza kwa miguu, basi toa hiyo 600,000. Ya binafsi kubwa huwezi kuitoa.