Bibi yuko kwetu Ohio, watoto wanataka shamba la maboga: naomba ushauri

Mama_Watatu
Wakuu, heshima kwenu. Tunaishi Columbus, Ohio. Mama mkwe amekuja kututembelea kutoka Muheza, tuko naye hadi Desemba. Watoto wamesikia shuleni wenzao wanapelekwa mashamba ya maboga, sasa nyumbani hakukaliki. Baba yao hana neno. Shughuli iko kwa mama mkwe. Juzi tumepita dukani akaona maboga yamerundikwa nje, akauliza huku wanayapikaje. Mwanangu wa kati akadakia, "Hayapikwi bibi, yanatobolewa macho." Mama akanyamaza hadi tulipofika nyumbani, ndipo akaniuliza kwa upole kama watu wa huku wanachezea chakula.

Nataka twende naye na afurahi. Je, huko mashambani kuna boga la kula au yote ni mapambo? Amesema pia atachuma majani, sijui wanaruhusu. Na gharama zikoje kwa watu sita? Halloween yenyewe, ile sherehe ya mwisho wa Oktoba wanayochongea maboga sura, sisi hatuifanyi, kwa hiyo malumbano ya dini tuyaweke kando, haya ni matembezi tu.

Kifaru_wa_Dayton
Kwenye pesa niulize mimi. Mashamba yako ya namna mbili. Kuna ambayo kuingia ni bure, unalipia boga ulilobeba. Na kuna yenye kiingilio kwa kila kichwa. Ndani utakuta trekta linakokota trela la marobota ya majani makavu, shamba la mahindi lililokatwa njia za kupotezea watu, mbuzi wa kulisha, na vibanda vya donati na juisi ya tufaha. Hayo ya pili, kwa watu sita, dola 100 inakatika kabla hujagusa boga. Wikiendi za Oktoba ndiyo wanabana zaidi. Nendeni siku ya kazi, na angalia kwenye tovuti yao kama boga limo kwenye kiingilio au unalilipia tena.

Shangazi_Mkali
Dola 100 kwenda kuangalia maboga! Ingetumwa Muheza ingelima, ikapalilia na chenji ikabaki.

Kifaru_wa_Dayton
Shangazi, mwenye Muheza yake yuko Columbus na wajukuu zake. Muache atembezwe.

BwanaShamba_IL
Mleta mada, mama ana hoja, ila aoneshwe pa kuangalia. Yale makubwa ya rangi ya machungwa yamezalishwa kwa ajili ya kuchongwa: ganda linalosimama, kikonyo kinene, ndani nyuzi na maji mengi. Hayana sumu, ukiyapika utakula, lakini utamu hutauona. Tafuta kibao kilichoandikwa "pie pumpkin" au "sugar pumpkin". Hayo ni madogo, nyama yake imeshikana na yana utamu. Kama mama anataka linalokaribia la nyumbani kwake, achukue butternut, lile boga refu la ganda la kahawia hafifu, ambayo mashamba mengi huiweka meza ya pembeni. Hapa Illinois, ambako ndiko yanakotoka maboga mengi ya kusindikwa Marekani, boga la kwenye kopo halitokani na lile la Halloween. Ni la ganda la kahawia hafifu, jamii moja na butternut. Wenyewe wanajua la kula ni lipi.

Vile vibuyu vidogo vya rangi rangi vyenye vinundu asivitie sufuriani. Na boga lolote, onja kipande kibichi kwa ncha ya ulimi. Ukikuta uchungu, tema na utupe lote, uchungu ule unaharibu tumbo kweli.

Kuchagua: bonyeza ganda kwa ukucha. Ukizama, boga ni changa. Geuza utazame kitako, pakiwa laini au pana majimaji, liache. Usilibebe kwa kikonyo, kwa sababu kikinyofoka pale panabaki mlango wa kuozea. Lenye kikonyo chake, likiwekwa pakavu penye ubaridi kidogo, linamaliza miezi miwili. Lililochongwa wiki tu linaanza kusinyaa na kuota ukungu.

Majani sasa. Oktoba yamezeeka, ukiyatazama karibu utaona unga mweupe juu yake. Huo ni ukungu, na wakulima wengi wanaupulizia dawa msimu mzima. Majani ya kula huku ni ya Juni na Julai, yangali laini. Mwambie asichume bila kuuliza, hata kama yamelala njiani.

Mpishi_wa_Futari
Nyongeza kwa mama: butternut asiiwekee maji mengi, inajitoa maji yenyewe. Amenye, akate vipande vikubwa, chumvi, iliki, sukari kidogo tu kwa sababu ina yake, halafu tui zito mwishoni moto ukiwa mdogo. Tui la kopo linafaa.

Na watoto nao wasinyimwe. Nunueni moja la kuchonga. Kabla hawajalitia kisu, bibi achote mbegu, azioshe utelezi wote utoke, azianike kwenye taulo, kisha azikaange na chumvi. Hapo hakuna atakayesema chakula kimechezewa, au angalau si chote.

Mavazi msisahau. Asubuhi za Oktoba huko ni baridi na shamba lina tope. Viatu vya kufunika na soksi, khanga avae juu ya suruali nzito. Trela huwa juu, kama magoti yanamsumbua ulizeni kama wana ngazi.

Mdau_wa_Route23
Kabla hamjalipa viingilio, fikirieni Circleville, kama kilomita 40 kusini mwenu. Wana maonesho ya maboga tangu 1903, yanaanza Jumatano ya tatu ya Oktoba hadi Jumamosi. Kuingia bure. Kuna maboga yanayobebwa kwa mashine na kupimwa mizani, ya kwanza hupita kilo 500. Shida ni maegesho, fikeni mapema. Ila pale ni mjini, shamba hamtalikanyaga.

Mama_Watatu
Asanteni sana. Tumekubaliana shamba dogo lisilo na kiingilio, Ijumaa ijayo watoto hawana shule. Circleville tutakwenda jioni moja baba yao akitoka kazini. Mama nimemsomea yote. Butternut ameikubali. Majani anasema hizo dawa hajaziona kwa macho yake, atamuuliza mwenye shamba mwenyewe, mjukuu atatafsiri.

BwanaShamba_IL
Aulize tu. Wenye mashamba madogo wengi hupenda kuulizwa, na kama hapulizi dawa atamwambia. Akikubaliwa achukue vile vichomozo vya mwishoni mwa mtambaa, na avae glavu, vikonyo vyake vina vinyoya vinavyowasha.

Shangazi_Mkali
Butternut mbili basi, moja iwe akiba. Na picha ya mama kwenye trela tunaisubiri.